Taco ya Mama wa Watu

Mtu alipoisifu taco yake, Papa Mpishi aliingiza mikono mifukoni. Ilinichukua muda mrefu kuliona hilo, kwa sababu chakula kikisifiwa watu hutazama chakula, hawamtazami aliyekipika. Alikuwa akisema, "Haya, haya, kula ingali moto," na mikono ikapotelea ndani ya suruali mpaka msifiaji amalize. Nilidhani ni unyenyekevu. Niliishi nyumbani kwake miaka mingi nikiamini hivyo.

Alikuwa mpishi wa meli aliyestaafu. Mimi nilipanga chumba cha nyuma kwake, huko Chatsworth, msusi kutoka Uvira, Kongo, niliyeingia Durban, Afrika Kusini, na begi moja na simu iliyopasuka kioo. Yeye alikuwa wa wale Waislamu wa Durban ambao wazee wao walitoka pande za Zanzibar na Msumbiji, wakakaa kwanza Bluff, karibu na bandari, kabla serikali ya wazungu haijawahamisha. Kiswahili chake alikipata nyumbani, kisha akakipiga msasa Mombasa, kila meli yake ilipotia nanga huko. Changu kilimchekesha.

"Iko maji, iko umeme, iko mtu mlangoni," alikuwa akiniigiza. "Kwenu hakuna neno lingine?"

"Iko," nilimjibu.

Alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akaniita mwanangu. Mimi nilimwita Papa, kama tunavyowaita wazee kwetu, na wasusi wenzangu wakaongeza Mpishi ili asichanganywe na mapapa wengine.

Sasa taco yenyewe. Anayeijua taco kwa kuiona kwenye matangazo hufikiria kile kitu kikavu cha manjano, kimekunjwa kama karatasi, kinachovunjika vipande ukikiuma. Ya Papa haikuwa hiyo. Alinunua mahindi meupe mazima, akayachemsha kwa chokaa, ile ile nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya Wahindi kwa walaji wa tambuu, akayaacha yalale ndani ya maji yake. Asubuhi aliyasugua maganda yakatoka, akayaosha, akayasaga kwa mashine ya mkono iliyofungwa ukingoni mwa meza. Nilimuuliza kwa nini asinunue tu unga wa ugali dukani. Hakubishana. Alinipa unga wa dukani nijaribu. Donge langu lilipasukapasuka kama udongo wa kiangazi. La kwake lilikuwa laini kama ndewe ya sikio.

"Chokaa ndiyo inayoushika," alisema. "Bila chokaa umepika uji uliokasirika."

Donge dogo aliliweka kati ya vipande viwili vya mfuko wa plastiki, akalibana kwa sahani nzito likawa duara jembamba. Na duara hilo halikupitishwa kwanza kwenye kikaango kikavu kama chapati. Liliingia kwenye mafuta ya moto lingali bichi. Lilizama, likatulia kidogo, halafu likapanda juu limevimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Hapo Papa alilibonyeza katikati kwa ubavu wa mwiko, likajikunja, pande zote mbili zikabaki zimejaa hewa. Akalitoa, akalichuja mafuta, akalijaza nyama ya kusaga iliyopikwa kwa jira na kitunguu saumu, nyanya, majani ya saladi na chizi iliyoparuzwa.

Ukiiuma, meno yanapita kwenye ganda linalolia kidogo, kisha yanakuta ulaini kama wa mkate, kisha mvuke, kisha nyama. Mchuzi unateremka mpaka kwenye kiwiko. Na ukichelewa dakika chache tu, imelegea, imekuwa kitu kingine. Kwa hiyo haifungwi, haipelekwi nyumbani, haimsubiri mtu. Lazima uje pale jikoni usimame. Papa aliniambia kwenye meli walikuwepo mabaharia ambao hawakuwa wakisalimiana kwa miezi, lakini taco ikipikwa walisimama bega kwa bega mlangoni mwa jiko, kila mmoja ameinama mbele asichafue viatu vyake.

Alipika Jumamosi, na mtaa ulikuja. Kila mmoja aliyeionja alisema ni ya kwao. Aunty wa nyumba ya pili, Mhindi aliyezaliwa pale pale Chatsworth, aliitazama ikivimba akasema, "Uncle, hii ni puri. Umeitia nyama tu." Mama Mzulu aliyemuuzia mahindi alisema ni igwinya, andazi la kwao, ila mtu alisahau kuweka hamira. Mama Neema, mwenye saluni niliyofanyia kazi Isipingo, aliipasua akachungulia ndani.

"Papa, hii ni beignet," akasema. "Ndazi letu la Bukavu. Imepotea njia tu."

Wengine walicheka. Papa hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Si puri, si igwinya, si beignet. Ina mwenyewe. Ni ya mama wa watu, yuko San Antonio, Texas. Mtoto wake ndiye aliyenifundisha. Kula, lakini usiibatize."

Mtu akimuuliza kama basi ni ya Mexico, alichoka kabisa. Alieleza kwamba huyo mama asili yake Mexico, ndiyo, lakini taco ya namna hii ilizaliwa upande wa Amerika, katika mji huo, kwa watu walioishi kati ya vyakula viwili. Na hata huko, alisema, wenye migahawa wanagombana nani aliianza, kila mmoja anamtaja bibi yake. Mteksas, ndivyo alivyomwita huyo mtoto wa mama wa watu, mwenzake wa melini, hakuamini hata mmoja. Alikuwa akisema iliyoianza ni haraka: mwanamke fulani alikuwa na watoto wanaolia njaa, hakuwa na subira ya kuoka kwanza ndipo akaange, akatupa unga mbichi kwenye mafuta, akashangaa. Papa alilipenda sana simulizi hilo. Kila alipolitoa, alitabasamu kwa namna ya mtu anayemsikiliza mwingine akisimulia.

Kuhusu mafuta alikuwa na sheria zake. Hakuna kuongea naye yakishawaka. Hakuna kupita nyuma yake. Sufuria ya mafuta hainyanyuliwi na mtu mwingine, hata ikiwa imepoa tangu jana. Na kabla ya kuwasha jiko aliweka glasi ya maji mezani, akainama mpaka jicho lake likawa usawa wa maji, akatazama kama yamelala sawa. Nyumba ya matofali, katikati ya Chatsworth, mbali na bahari. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilifikiri ni mambo ya uganga, nikarudi chumbani kwangu kimya kimya.

Hakuwa malaika. Alikuwa bahili wa umeme hadi alikuja kugonga mlango akisikia napiga pasi. Sabuni ya kufulia aliikata vipande vidogo kama vya halua, na ukitumia kimoja kabla cha kwanza hakijaisha aliona. Lakini ndiye huyo huyo aliyelisha mtaa mzima nyama kila Jumamosi, na aliyenipa chumba miezi yote saluni ilipofungwa, asiniulize kodi. Aliswali sala zake zote kwa wakati, na bado kuhusu baharini alikuwa mwongo. Nasema hivyo kwa sababu ajali iliyompata Mteksas melini niliisikia ikisimuliwa kwa namna tatu.

Namna ya kwanza nilisikia Bluff. Alipenda kwenda huko siku moja moja, teksi mbili, akakaa kwenye ukuta mfupi juu ya bandari kutazama meli zikiingia. Siku hiyo alinichukua nikambebee chupa ya chai. Meli ya makontena ilikuwa ikipita taratibu, na bila kuulizwa akasema, "Mwenzangu aliungua kwenye meli. Wimbi lilikuja, sufuria ikamwagika juu ya mikono yake. Wimbi tu, mwanangu. Bahari haimuulizi mtu." Nikasema pole. Akasema tunywe chai.

Namna ya pili alimwambia Mama Neema jikoni, mimi nikiwa namenya kitunguu. Mama Neema alikuwa amemuuliza kwa nini huyo Mteksas hakuja naye Durban wafungue mgahawa. Safari hii hakukuwa na wimbi peke yake. Mteksas alikuwa mkaidi, alisema Papa, alitaka kukaanga wakati bahari imechafuka, akakatazwa, hakusikia. Mama Neema akatikisa kichwa, "Vijana." Papa alitoka nje kwenda kuanika taulo ambalo lilikuwa limekwisha kauka. Mimi niliendelea na kitunguu changu. Nilikuwa nimeona kwamba hadithi mbili hazilingani, lakini nilikuwa mpangaji, na mpangaji hamuulizi mwenye nyumba kuhusu uongo wake.

Wazo la kuuza lilikuwa la Mama Neema. Wateja wa kusuka walipungua Isipingo, kila pembe ilikuwa na saluni, na mbele ya mlango wetu kulikuwa na nafasi ya kutosha meza na jiko la gesi. Watu wa renki, kile kituo cha teksi, walipita hapo asubuhi na jioni, wengi wakienda na kutoka kwenye viwanda vya Mobeni, na njaa zao.

Nilimuomba Papa ruhusa. Alikataa. Nilimuomba tena baada ya Ramadhani, akakataa.

"Si yangu nikupe," alisema.

"Papa, miye sina kazi nyingine. Nywele hazinilishi."

Alinyamaza siku kadhaa, hata salamu alinijibu kwa kichwa. Kisha Jumamosi moja aliniita jikoni, akanivika aproni yake mwenyewe.

"Uza," alisema. "Lakini kila anayekula umwambie ni ya nani. Si yangu, si yako. Ya mama wa watu, San Antonio. Umenisikia?"

"Nimesikia, Papa."

Alinifundisha kila kitu, hata glasi ya maji. Nikaanza. Na mwanzoni nilisema, kweli nilisema. Kila mtu aliyekuja mezani nilimhadithia San Antonio, naye alinitazama kama ninayemcheleweshea teksi. Mmoja aliniambia, "Sister, sharp, sharp, nimeelewa, nipe tu mbili." Foleni ikawa ndefu. Maneno yakafupika: ikawa "ya Texas", kisha ikawa "ya Amerika", kisha sikusema kitu. Wakati huo watu wenyewe walikuwa wamekwisha kuipa jina. Waliiita taco ya Durban. Wenyeji walifurahi kuisikia ikiitwa hivyo, na anayefurahi hununua tena. Mama Neema akaandikisha hivyo kwenye ubao, kwa rangi nyekundu, akauning'iniza mbele ya meza. Sikumwambia aandike. Sikumwambia auondoe.

Papa hakuwahi kuja kuona. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, mtoto wa jicho kwenye yote mawili, na foleni ya upasuaji hospitalini ni ndefu. Jioni alikuwa akiniuliza, "Wanasemaje?" Nikajibu wanaipenda. "Unawaambia?" Nikajibu, "Nawaambia, Papa." Nilisema hivyo nikivua viatu mlangoni, nikitazama kamba za viatu. Alitikisa kichwa, ameridhika, na mimi nikaingia chumbani kwangu nikakaa kitandani na harufu ya mafuta kwenye nywele, sina hamu ya kula.

Namna ya tatu ya ile ajali niliisikia kwa sababu ya kifundo cha mkono wangu. Mchana mmoja pale Isipingo mtu alisukumwa kwenye foleni, akaigonga meza, na mafuta kidogo yakaniruka. Halikuwa jambo kubwa. Nilirudi nyumbani mapema, nimefungwa bendeji. Papa alikuwa amekaa uani juani. Hakuiona ile bendeji. Aliigusa alipokuwa akipokea mkate niliomletea. Mkate ulianguka.

"Mafuta?"

"Kidogo tu, Papa."

Hakuinama kuuokota. Nilidhani anaugua, nikataka kumwita Aunty, akanishika mkono ule mzima akanikalisha.

"Mimi ndiye niliyesema weka mafuta," alisema.

Niliuacha mkono wangu ndani ya wake.

"Alikuwa msaidizi wangu. Mpishi mkuu mimi. Bahari ilichafuka tangu asubuhi, maji kwenye glasi hayalali sawa, na sheria ilikuwa hakuna kukaanga bahari ikiwa hivyo. Lakini nilikuwa nimewaahidi watu taco. Nilipenda wakinisifu, mwanangu. Walikuwa wakinisifu mimi, si yeye; mimi ndiye niliyekuwa nikitoka na sinia. Akaniambia, bosi, meli inalala upande. Nikamwambia weka mafuta. Akaweka. Meli ikalala."

Akainyoosha mikono yake mbele yangu, na hapo kwa mara ya kwanza niliitazama vizuri. Miaka yote ile jikoni, baharini na nchi kavu, na haikuwa na kovu hata moja. Ilikuwa laini kama ya karani.

"Kapteni akashuka. Akauliza nani ameruhusu. Nikasema nilimkataza. Nikasema mbele yake. Amelala pale sakafuni, mikono imefungwa matambara ya maji, ananisikia. Hakusema neno. Walimshusha bandari iliyofuata, kazi ikaisha hapo, hakulipwa fidia ya ajali kwa sababu ni makosa yake. Na mimi nikaendelea kutoka na sinia."

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Lililonijia ni ule ubao mwekundu wa Isipingo. Nikaokota mkate, nikaupangusa vumbi, nikamwambia nitamchemshia chai.

Ningeweza kumwambia siku hiyo. Alikuwa amenifungulia yake, na mimi nilikuwa na yangu mdomoni. Lakini nilijiambia mzee ameumia vya kutosha, nisimwongezee. Nimegundua kwamba nikitaka kunyamaza juu ya faida yangu, huruma huwa inakuja haraka sana kunisaidia.

Kisha ikaja ile video. Ni mimi niliyeipiga, kwa simu, mikono yangu tu na sufuria, duara likizama na kupanda limevimba, na sauti yangu ikisema kwa Kiingereza, "Taco ya Durban, njooni Isipingo." Niliiweka mtandaoni nikitafuta wateja wa Umlazi na Amanzimtoti. Ilikwenda mbali kuliko nilivyotaka. Watu wa nchi nyingi waliicheka, waliisifu, waligombana chini yake kama ni puri au si puri. Na katikati ya maneno yale yote, msichana mmoja wa San Antonio aliandika kwamba hiyo ni ya kwao, na kwamba kaka wa bibi yake, marehemu sasa, alifanya kazi melini na alikuwa akisema alimfundisha mtu mmoja wa Durban kuipika.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena pale penye neno marehemu.

Papa nilimwambia asubuhi iliyofuata, baada ya sala. Nilimwambia amepatikana ndugu wa Mteksas, na kwamba Mteksas amekufa. Kuhusu video nilisema tu kwamba "iko kitu kwenye internet". Aliukunja msala, akaukunjua, akaukunja tena. Kisha akauliza kama mama yake Mteksas yu hai. Nikamuuliza yule msichana kwa ujumbe. Mama alikufa zamani. Yuko dada yake Mteksas, bibi wa huyo msichana, na anataka kuzungumza.

Walizungumza kwa simu yangu, kwa picha, Papa akiwa mezani jikoni na mimi nimeishika mbele yake. Kiingereza chake kilikuwa cha melini, kifupi; cha yule mama kilichanganyika na Kispania. Alikuwa na nywele nyeupe kabisa, amekaa pembeni ya friji yenye picha za watoto. Walisalimiana. Papa hakuzunguka. Alisema yote: mafuta, bahari, kapteni, neno alilolisema. Yule mama alisikiliza bila kupepesa.

"Alituambia alijimwagia mwenyewe," alisema mwisho.

"Si kweli, mama."

"Miaka yote hiyo tulimwita mjinga. Mama yangu alimwita mjinga, mpaka anakufa. Kwa nini hukutuandikia?"

Papa alifungua mdomo. Kioo kikawa cheusi, yule mama alikuwa amekata.

Nilifikiri imekwisha hapo. Papa hakupika Jumamosi ile, wala iliyofuata. Watu walikuja, wakakuta mlango umefungwa, Aunty akawaambia mzee anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, na nilipomletea uji alisema, "Alistahili kukata." Mimi niliendelea kwenda Isipingo kila asubuhi na donge langu la unga, maana kodi ya meza haiombolezi na mtu.

Yule mama alipiga mwenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, niko nyumbani nafua. Hakusalimia.

"Yupo?"

"Yupo, mama."

"Mwambie anionyeshe anavyoipika."

Papa aliinuka. Aliosha uso, akavaa shati la Ijumaa. Unga ulikuwepo, nilikuwa nimeutengeneza kwa ajili ya kesho yake. Aliweka glasi yake ya maji, akainama, na kwa macho yale nina hakika hakuona kitu, lakini alingoja kama kawaida. Akawasha. Mimi niliishika simu juu ya bega lake, mkono umenyooka, nikakaa kimya kama sheria inavyotaka.

Yeye yule mama hakuijua sheria. Aliongea tangu mwanzo.

"Mnene mno. Mama aliutandaza mwembamba zaidi. Mafuta hayajashika moto, subiri. Subiri! Sasa. Usiibonyeze hapo, unaiua. Kando kidogo. Nani alikufundisha kuibonyeza hivyo?"

"Kaka yako, mama."

"Basi alikudanganya. Alikuwa mvivu hata jikoni."

Papa alikuwa akilia, niliona shavu lake limelowa, lakini mkono haukuacha kufanya alivyoambiwa. Alitupa ya kwanza, akatupa ya pili. Ya tatu yule mama aliitazama kwa muda.

"Hiyo," alisema.

Papa alizima jiko. Alisogea kwenye kiti taratibu, akakaa, akaiacha mikono yake mezani, wazi, mbele ya simu. Hakuomba msamaha tena na yule mama hakuutaja. Waliongea kidogo juu ya mvua, juu ya magoti yao. Mimi nilikuwa nikitafuta nafasi ya kuaga.

"Na nani anayeshika simu?" akauliza.

"Ni mwanangu," alisema Papa. "Mkongo. Yeye ndiye anayeziuza sasa."

"Mgeuze nimwone."

Nikaigeuza simu. Uso wake ulikuja karibu, akanichunguza jinsi mama mkwe anavyochunguza.

"Wewe ndiye wa ile video."

"Ndiyo, mama."

"Ulisema taco ya Durban."

Nilimsikia Papa akigeuka kwenye kiti nyuma yangu. Hakuwa ameiona video, hakuwa ameuona ubao. Alikuwa na neno langu tu, lile "Nawaambia, Papa" nililompa jioni baada ya jioni. Nilingoja aseme kitu.

"Ndiyo, mama," nilijibu. "Nilisema hivyo."

Yule mama alitazama pembeni, kwenye friji yake, kisha akanirudia.

"Mama yangu hakuuza hata moja maishani mwake," alisema. "Aliona haya. Alisema nani atalipia chakula cha watoto wenye njaa." Akasogea karibu zaidi. "Hapo kwako wanapanga foleni?"

"Wanapanga."

"Inafika wapi?"

Nikamwambia inatoka mlangoni mwa saluni, inapita kwa muuza simu, inafika mpaka kwenye teksi za Mobeni.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Ilikuwa kweli, kila neno, na sikuweza kuinua macho kumtazama mzee.